Chumvi Hutiwa Mwisho

Watu wa Mtaa wa Alma wakikwambia kwamba mimi, Mavis Thackray, nina mdomo, waamini tu, sitakataa. Ninao. Nimezaliwa nao hapa hapa Hagthorpe, kwenye machimbo ya makaa ya Yorkshire, na umenisaidia mara nyingi kuliko ulivyoniponza. Lakini mara moja uliniponza kweli, na ilinichukua miaka tisa na ndoo moja ya njegere kulimaliza jambo lile. Nitakusimulia yote, hata yale ya aibu, kwa sababu mwishowe nilishinda, na aliyeshinda anaweza kusema ukweli bila kuumia.

Habari yenyewe ni ya njegere za rojo. Sisemi zile laini za kijani wanazopambia sahani harusini. Nasema zile kavu, kubwa, zenye makunyanzi, ambazo unazilowesha usiku kucha kwa maji ya moto na magadi kidogo, kesho yake unazichemsha taratibu mpaka zipasuke zenyewe na kuwa rojo zito, halafu juu yake unamwagia siki ya mnanaa. Pembeni unaweka pai ya nyama ya nguruwe. Mwanamume aliyepanda kutoka mgodini mgongo umemkakamaa, mtoto mwenye mafua, mjane aliyetoka makaburini, yeyote yule, mwekee bakuli la njegere mbele yake umwone mabega yanavyoshuka. Daktari wetu mpya ana dawa za kila rangi na hajanionyesha hata moja inayofanya hivyo.

Kila tarehe tano Novemba, siku tunapowasha moto mkubwa nyuma ya kanisa na kuchoma sanamu la yule mhaini wa zamani aliyetaka kulipua Bunge, kijiji kizima hula pai na njegere katika ukumbi wa kanisa letu la Wamethodisti. Sufuria ya siku hiyo ni moja, kubwa, na ina historia. Mama mkwe wangu ndiye aliyepika nayo mwaka 1926, wakati wa mgomo mkubwa, wachimbaji walipokaa miezi saba bila kazi wala mshahara, na watoto wa Hagthorpe waliiona Krismasi kwa sababu ya sufuria ile. Mume wangu Clifford alikuwa na miaka minne. Hadi leo anakumbuka ladha ya njegere zile kuliko anavyoikumbuka sura ya babake. Mama mkwe alipochoka alinikabidhi upawa. Sifa hakunipa, hakuwa mtu wa kusifu, lakini upawa alinipa, na kwa miaka kumi na saba sufuria ile haikuwahi kurudi stoo ikiwa na kitu ndani.

Basi mwaka 1977 akatokea Bwana Sugden. Huyu ndiye mpiga kinanda wetu na mwenyekiti wa kamati, mtu mwembamba mwenye kupenda mambo mapya alimradi ayafanye mtu mwingine. Akasimama kwenye kikao akasema dunia inakwenda mbele. Mke wa daktari, Bi Penrose, aliyehamia kutoka kusini, alikuwa amejitolea kupika njegere za barafu, zile zinazouzwa kwenye mifuko, kwa siagi na malai. Zinaiva kwa dakika kumi. Hakuna kulowesha, hakuna harufu ukumbini, na rangi yake inapendeza. Bi Penrose mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, maskini, nadhani hakujua ameingizwa kwenye vita gani.

Nilimpa Sugden vidonge vyake pale pale. Sitarudia nilichosema. Alibadilika rangi, akafuta miwani, kisha akaja na lake: sufuria zote mbili zitasimama mezani sawia, zimejaa mpaka kwenye vishikio, watu wachague wenyewe. Itakayoisha kwanza ndiyo itakayokuwa sufuria ya kanisa miaka yote.

"Na ikiwa yako ndiyo itakayobaki, Bi Mavis," akasema, "utamkabidhi Bi Penrose upawa mbele ya watu."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa nilichofanya. Upawa ule ulikuwa wa mama mkwe wangu, ulilisha watoto wenye njaa, na mimi nilikuwa nimeuweka rehani kwa sababu ya hasira ya dakika moja.

Ijumaa jioni nikalowesha ndoo mbili zilizojaa. Nilipima njegere, nikatia vidonge vya magadi vinavyokuja ndani ya pakiti, nikamwagia maji yaliyochemka, nikafunika kwa kitambaa safi na kuziweka katika chumba cha kufulia nyuma ya jiko. Nikaenda kulala na roho imetulia. Sehemu ngumu ilikuwa imekwisha, nilidhani.

Clifford alikuwa na shifti ya mchana, akarudi saa nne usiku. Akaona pale rafuni pakiti moja ya njegere haijafunguliwa na vidonge vyake vimo ndani. Ilikuwa ya akiba tu, lakini yeye akajijibu kwamba mke wake kwa presha ya mashindano amesahau magadi. Hakutaka kuniamsha. Mume mwema, ona. Akapapasa rafuni, akakuta mkebe wa magadi, akatia konzi moja kwenye kila ndoo, akaja kulala ameridhika. Mkebe ule ulikuwa wa magadi ya kufulia, yale ninayotolea jasho la makaa kwenye nguo zake Jumatatu.

Saa moja asubuhi nikafunua kitambaa. Harufu ya siku ya kufua ikanipiga usoni. Njegere zilikuwa zimegeuka utelezi wa manjano, maganda yanaelea juu, na nilipoonja kwa ncha ya kidole ulimi uliniwaka mpaka machozi yakanitoka. Clifford akaja na kikombe chake cha chai, anatabasamu.

"Uliyasahau magadi, mke wangu. Nikakutilia."

Nilikaa juu ya beseni lililofunikwa kifudifudi na sikusema neno. Clifford alisema baadaye kwamba amewahi kusikia dari la mgodi likilia juu ya kichwa chake na hakuogopa kama alivyoogopa ukimya ule. Kisha nikalia. Nililia kwa sauti; hata mama mkwe alipofariki sikulia hivyo. Chakula ni saa kumi na mbili jioni, na njegere kavu huwezi kuziharakisha. Duka limejaa pakiti, lakini pakiti bila usiku kucha majini ni mawe. Clifford, uso umemshuka, akauliza kwa sauti ndogo kama tungeweza kununua za kopo. Nilimtazama tu. Akaomba radhi kwa hilo pia.

Ni macho yangu yaliyoniokoa, kwa kuwa akili ilikuwa imeshasimama. Nilipoinua kichwa nifute kamasi, nikaona dirishani bakuli letu wenyewe, lile dogo la bluu, njegere za mlo wetu wa Jumamosi mchana, zimevimba vizuri. Clifford hakuligusa. Nikalitazama bakuli lile kwa muda mrefu. Mtaa wa Alma una nyumba arobaini na mbili, na hakuna hata moja inayolala Ijumaa bila bakuli la njegere dirishani. Ndivyo tulivyo. Kama ungepita na tochi ungeyahesabu.

Nikamwambia Clifford atoe kile kigari cha mtoto kilichokaa bandani tangu binti yetu aanze shule. Tukaweka ndani yake karai kubwa la bati, nikavaa koti juu ya aproni, nikafunga kitambaa juu ya roli za nywele, tukatoka. Ilikuwa baridi ya kukata masikio.

Sasa elewa jambo moja. Mtu mwenye mdomo kama wangu ana madeni kwenye kila mlango, na sisemi madeni ya pesa. Nyumba ya saba nilikuwa nimewahi kusema kwamba mapazia yao yanafanana na shuka za hospitali. Yule mama akanisikiliza nikieleza shida yangu, akalishika bakuli lake mkononi, akaniuliza nayaonaje mapazia. Nikasema ni mazuri. Akaniuliza ni mazuri kiasi gani. Nikasema ni mazuri kuliko yote mtaani, na Clifford kule nyuma ya kigari akawa anakohoa kicheko. Ndipo bakuli likamiminwa karaini.

Nyumba ya kumi na tisa babu mmoja alitaka nikiri kwamba mwanawe hakuimba vibaya Pasaka. Nyumba ya thelathini walinicheka tu, wakanipa zote, wakanipa na chai. Kuna mama alinitolea njegere kwenye chombo cha kukojolea cha kitandani, akaapa kwa jina la Mungu ni kipya. Nilimshukuru nikapita. Habari zikatutangulia, milango ikawa inafunguliwa kabla sijabisha, watu wamesimama na mabakuli, majagi, sufuria ndogo, wanatania kwamba leo Mavis Thackray anaomba. Niliomba kweli. Koo lilikuwa limenikauka kwa kuomba, na ajabu ni kwamba kufikia mlango wa ishirini uchungu wake ulikuwa umeshapungua.

Saa nne tukarudi mlangoni kwetu. Nikatumbukiza mkono karaini nikapima. Ilikuwa ndoo moja na kidogo. Sufuria inataka mbili. Clifford akashauri tuongeze maji, nikamwambia aende akachochee moto. Sitawapa watu wa Hagthorpe supu na kuiita njegere.

Mlango mmoja tu ndio niliokuwa sijaubisha. Namba ishirini na nne, ukuta kwa ukuta na sisi. Mlango wa Nora Lumb.

Nora na mimi tulikuwa hatujasemezana miaka tisa. Nasikia saa yake ya ukutani ikigonga, naye anasikia birika langu likipiga mluzi, lakini tukikutana uani kila mmoja anageukia kamba yake ya nguo. Na kosa ni langu. Mumewe Ernest alifariki mwaka 1968, kifua kilichojaa vumbi la makaa, na baada ya maziko Nora aliandaa pai na njegere nyumbani kwake. Njegere zilikuwa ngumu. Alikuwa ametia chumvi tangu mwanzo, na kila mtoto hapa anajua chumvi ikiingia mapema ganda linakaza, hata uchemshe mpaka kesho. Siku ile Nora hakujua hata viatu alivyovaa. Mimi nikaonja kijiko kimoja, nikamgeukia jirani yangu mezani nikasema, tena bila kupunguza sauti, kwamba huyu ametia chumvi mapema, hizi ni risasi. Nora alikuwa nyuma yangu na buli la chai. Akaliweka mezani, akatoka uani, na hakurudi ndani mpaka watu walipoondoka. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwenye chakula cha tarehe tano.

Sikuwahi kuomba radhi. Nilijiambia kwamba nilisema kweli, na kuhusu chumvi nilikuwa sahihi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, kuwa sahihi.

Nikapiga moyo konde, nikabisha. Nora akafungua. Alikuwa na aproni iliyopigwa pasi na mikono ameikunja kifuani. Nikaanza na habari ya njegere, nikaona mlango unaanza kurudi taratibu. Nikaushika kwa mkono.

"Nora, siku ya Ernest nilikukosea," nikasema. "Wewe umefiwa, mimi nikakaa kuhukumu njegere. Nimeona haya miaka tisa na sikuwa na adabu ya kukwambia."

Alinitazama mpaka nikasikia miguu inaganda. Akageuka akaingia ndani, na mlango akauacha wazi. Nikamfuata. Katika chumba chake cha kufulia, pale sakafuni, ilikuwepo ndoo kubwa ya bati imefunikwa kitambaa cheupe. Akakifunua. Njegere zilizojaa mpaka juu, zimevimba, safi, kila moja ukubwa wa ncha ya kidole. Ndoo nzima, kwa mwanamke anayeishi peke yake na paka.

"Nora, unakula na nani zote hizi?"

"Kila mwaka," akasema. "Kila usiku wa tarehe nne naloweka ndoo. Nilijua ipo siku utaharibu, Mavis. Nilitaka siku hiyo mimi ndiye niwe nazo."

Nikamuuliza na ile miaka ambayo sikuharibu je, anazifanyaje. Akasema anakula njegere asubuhi, mchana na jioni mpaka karibu mwisho wa mwezi, na paka anahama nyumba. Alisema hivyo uso mkavu kabisa. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Akasema alimsikia Clifford ukutani tangu saa moja asubuhi, akajua yaliyotokea, akavaa aproni safi akakaa kunisubiri, na mimi nikaenda kuanza na nyumba arobaini nyingine kwanza. Hilo ndilo lililomkera zaidi, alisema, kuliko hata yale ya maziko. Akazipokea radhi zangu kwa namna hiyo.

Lakini akaweka sharti. Hanipi ndoo. Anakuja nayo mwenyewe, na atasimama kwenye sufuria mpaka mwisho.

Tukaingia jikoni mwa kanisa saa saba na nusu. Nilitaka kumimina zote pamoja, Nora akanizuia mkono. Akachota konzi kutoka karaini, akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba. Akasema watu wa nyumba arobaini walizilowesha saa tofauti, wengine maji ya moto, wengine ya uvuguvugu, na zikiingia pamoja nusu zitakuwa uji na nusu risasi. Neno hilo risasi alilitamka polepole akinitazama, na mimi nikatazama dirishani. Akazitenga. Ngumu zikaingia kwanza, za kwake zikafuata baada ya nusu saa, zile laini mwisho kabisa. Kwa miaka kumi na saba nimepika sufuria ile na sikuwahi kufikiria jambo kama hilo, kwa sababu sikuwahi kupika njegere za watu wengine. Alikuwa mpishi mzuri, yule. Sote tulikuwa tumesahau, na mimi ndiye niliyewasahaulisha.

Saa kumi na moja na nusu akaja Bi Penrose na mifuko yake ya barafu. Alitusalimu vizuri, akauliza kama anaweza kuchungulia. Nikamruhusu. Akainama juu ya mvuke akavuta pumzi, akasema bibi yake alikuwa na jiko lenye harufu hii. Kisha akaenda kufungua mifuko yake, na kwa kweli rangi ya njegere zake ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake.

Njegere zetu zilikuwa zimepasuka, zinapumua taratibu, nzito, kijani ya majani makavu. Nikachukua mkebe wa chumvi. Mkono wangu ukasita juu ya sufuria, na Nora akaona kwamba umesita.

"Sasa," akasema.

Nikatia. Nikakoroga mara tatu, tukabeba sufuria sisi wawili, kila mmoja kishikio chake, tukaiweka mezani imejaa mpaka pale alipotaka Sugden.

Milango ikafunguliwa saa kumi na mbili kamili, na dakika kumi za kwanza nilikufa. Watoto walivutiwa na ile rangi ya kijani, wakapanga foleni kwa Bi Penrose. Wagonjwa wa daktari wakaenda kwa mke wa daktari. Mkewe Sugden akaenda, bila shaka. Sufuria ya Bi Penrose ilishuka theluthi nzima na yangu haikuwa imechotwa mabakuli kumi. Bwana Sugden alikuwa amesimama karibu na kinanda, saa mkononi. Niliushika upawa wa mama mkwe kwa mikono miwili, na nilikuwa tayari najiona nikiutoa.

Halafu Mtaa wa Alma ukaingia. Waliingia kwa pamoja, kama watu wanaotoka shifti moja, kofia mikononi, nyuso zimepigwa na baridi. Yule mama wa mapazia alikuwa mbele. Akaweka bakuli lake mezani na kuuliza kwa sauti njegere zake ziko upande gani wa sufuria, anataka zile zile. Babu wa nyumba ya kumi na tisa akasema nimchotee kwa makini nisije nikampa za namba kumi na moja, watu wale hawajui kulowesha. Namba kumi na moja wakamjibu. Ukumbi ukaanza kucheka. Kila nyumba ilikuja kudai cha kwake, na kila aliyekula alisema cha kwake ndicho kilichoikoleza sufuria. Wakarudi mara ya pili. Watoto wakaacha njegere zao za kijani mezani wakaja kuona kuna nini, wakaonja siki ya mnanaa, wakakwama hapo hapo. Clifford alikuwa akipita na pai, akimwambia kila mtu kwamba kisa chote kimeanza na yeye, kwa majivuno kabisa.

Nilichota mpaka bega likaniuma. Kisha nikausikia upawa ukikwaruza chini, ule mkwaruzo wa bati kwa bati niliousikia miaka kumi na saba, na sikuwahi kuupenda kama siku ile. Nikainua sufuria nikaielekezea ukumbi. Sauti iliyopanda nadhani waliisikia kule chini mgodini. Sufuria ya Bi Penrose ilikuwa bado na robo. Bwana Sugden akapanda kiti, akafuta miwani, akatangaza ilivyo, na wakati anashuka niliona siki ya mnanaa kwenye ndevu zake. Sikusema. Nilimwonyesha tu kwa kidole, akaingia chooni. Bi Penrose ndiye aliyekuja kunipa mkono wa kwanza, akaniuliza kama usiku wa tarehe nne mwaka ujao anaweza kuja kujifunza kulowesha. Nikamwambia aje, lakini mkebe wa magadi ataushika yeye, Clifford asiusogelee.

Kulikuwa na bakuli moja limebaki. Ndiyo desturi yetu, bakuli la mwisho ni la mpishi, hulitenga kabla ya kukwaruza, na watu hungoja wamwone analila ndipo watoke kwenda kuwasha moto. Miaka yote nimelila mimi. Siku ile nikalichukua, nikazunguka meza, nikaliweka mbele ya Nora Lumb. Wengi pale walikuwepo siku ya maziko ya Ernest, walikuwa wanajua.

Nora akakaa. Akaweka siki, akakoroga, akapeleka kijiko mdomoni bila haraka yoyote. Akameza. Mabega yake yakashuka, niliyaona kwa macho yangu. Kisha akaweka kijiko chini, akainua uso, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Chumvi imepungua."

Kila jicho lilinigeukia, na Clifford akaweka trei chini taratibu kama mtu anayejiandaa kuamua ugomvi. Nilikuwa na majibu matatu tayari ulimini, na yote yalikuwa mazuri. Niliyameza yote matatu. Nikatoa mkebe wa chumvi mfukoni mwa aproni nikauweka mkononi mwake.

"Basi kuanzia mwakani," nikasema, "utatia wewe."

Akaufunga mkono juu ya mkebe. Akacheka, Nora Lumb, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1968, na mimi nikacheka naye, na ukumbi mzima ukapiga meza kwa vijiko mpaka vumbi likatoka darini. Clifford akavaa sufuria kichwani, akatutoa nje kwa kuigonga na upawa, na tuliuwasha moto mkubwa kuliko miaka yote. Nora alisimama karibu yangu, ameshika mkebe, na hakuniachia mkono mpaka sanamu likaanguka.

Amekuwa akitia chumvi yeye tangu siku ile, na mimi nachota, na hakuna kamati iliyowahi kutugusa. Na kwa taarifa yako wewe peke yako, lile bakuli nililionja kabla sijampa. Chumvi haikuwa imepungua hata chembe. Lakini hilo Mtaa wa Alma sijawahi kulisema.